Aliyefunga Kofia ya Paa

Nianze na kitu ambacho vijana wenzangu wa Magarama wangeniambia nikifiche: kwenye habari hii mjinga ni mimi. Si mjinga kidogo. Ni mjinga wa kukwama juu ya nyumba ya watu, nimekumbatia mbao kama mtoto mgongoni kwa mama yake, halafu nikashushwa na mwanamke mtaa mzima ukiangalia. Wameshacheka, na mimi nimecheka nao. Sasa naisimulia mwenyewe, maana nimechoka kusikia wanavyoiharibu. Wanasema yule dada alipata bahati. Mi nilikuwepo. Bahati haikupiga hata msumari mmoja.

Nilizaliwa kambini, Tanzania. Ndio maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, na hapa Gitega wananiita Mswahili wa Turubai. Kule kambini nyumba zilikuwa na turubai juu, sasa nani angejifunza kupanda paa? Ukipanda turubai unatua kwenye sufuria ya maharagwe. Tuliporudi Burundi wazazi wakaenda kulima Itaba. Mi nikamaliza shule ya msingi, nikajaribu jembe, jembe likanikataa, nikashuka mjini kutafuta kazi. Nikaipata Magarama, kwa patroni mmoja anayejenga na kuezeka nyumba.

Kazi yangu ilikuwa ya chini. Kwenye kuezeka kuna watu wa juu na watu wa chini. Wa juu wanasimamisha kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa, wanapigilia papi, zile mbao nyembamba za kulalia bati, halafu wanapiga bati. Wa chini anafunga bati kwenye kamba livutwe, anaokota misumari iliyoanguka, na kama ni mimi, anachekesha. Nilikaa chini miaka mitatu bila mtu kujua kwamba naogopa juu. Patroni akisema, "We leo panda," natoa kichekesho, watu wanacheka mpaka wanashika tumbo, na wakimaliza kucheka mtu mwingine yuko kwenye ngazi. Ukijua kuchekesha hutapanda hata siku moja.

Halafu akaja yule dada.

Alitoka Muyinga, familia ya Waislamu mafundi, baba yake alikuwa fundi paa. Alikuja na suruali chini ya gauni, kitambaa kimebana kichwani, na nyundo yake mwenyewe ambayo mpini ulikuwa umekwisha kwa kushikwa. Patroni akaangalia nyundo, akamwangalia yeye, akamwambia mchanga upo, kama anataka.

Akabeba mchanga. Miezi minne. Sisi tukikaa kula mchana, yeye anapanda ngazi na mkate mkononi kwenda kuangalia kenchi zetu. Siku moja kwenye nyumba moja mtaa wa Musinzira akamwambia patroni kwamba kenchi ya tatu imezidi wenzake kwa upana wa vidole viwili, bati litakaa na tumbo. Shefu wetu wa wakati ule, kiongozi wa timu, akakasirika, akamuuliza tangu lini mchanga unaongea. Patroni akapanda na mita ya kupimia. Vidole viwili kweli. Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa juu. Na yule shefu akaondoka baada ya muda, akaenda kutafuta maisha Bujumbura, tukabaki timu bila kichwa.

Mi nilimwita Madamu Shefu, kwa kumchokoza. Nilikuwa namuuliza kama huko juu atatuchemshia maharagwe, maana ni karibu na jua. Hakuwa mtu wa kununa. Aliwahi kunijibu akiwa na misumari mitano mdomoni, bila kuangusha hata mmoja: "We kijana, mdomo yako ingekuwa nyundo, Gitega yote ingekuwa imeisha kujengwa."

Watu walicheka kuliko walivyowahi kucheka kwangu. Iliniuma, lazima niseme.

Siku moja patroni akatuita watatu uani kwake: yule dada, mimi, na mwenzetu mmoja kutoka Itaba, mtu mzima mpole anayeongea maneno sita kwa siku. Akasema iko nyumba Muyinga, mzee mmoja anamjengea mtoto wake anayetaka kuoa. Kuta zimesimama, linabaki paa. Akamgeukia dada.

"Ukilifunga hilo paa na mwenye nyumba asinipigie simu kulalamika, ukirudi we ndiye shefu wa timu. Akilalamika, unarudi kwenye mchanga. Mi siwezi kugombana na wateja kwa ajili yako."

"Alalamike juu ya timu, ao juu yangu?"

Patroni akafikiri kidogo. "Juu yako."

"Sawa." Akatugeukia sisi wawili. "Mumesikia. Juu yangu."

Mi nikasema nimesikia na masikio yote mawili, hata la tatu. Hakuna aliyecheka. Yule wa Itaba akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kwake hiyo ni hotuba.

Tukapanda kamioneti ya patroni na mabati yetu mpaka Muyinga. Nyumba mpya ilikuwa kwenye uwanja mmoja na nyumba ya zamani ya mzee, mlango unaangalia mlango. Mzee hakuwepo, alikuwa Kobero mpakani akifuatilia mzigo wake wa biashara. Alikuwepo mke wake, mama mmoja mfupi mwenye macho ya kuona kila kitu. Alimwangalia dada akipanda ngazi siku ya kwanza, hakusema kitu, akaingia ndani, akatoka na uji. Siku mbili dada na yule wa Itaba walisimamisha kenchi zote na papi zote. Mi chini, natuma mbao, nachekesha mama na majirani. Kazi ilikuwa tamu.

Siku ya tatu asubuhi mzee akarudi. Dada alikuwa ameenda sokoni kununua misumari ya bati, tuliyokuja nayo ilikuwa haitoshi. Mzee akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, kikombe cha chai mkononi, anaangalia zile mbao zilivyonyooka, amefurahi. Mi nikamwona ametulia, nikaona hapa pana mtu hajachekeshwa.

"Mzee, we una bahati," nikamwambia. "Wengine nyumba zao zinapandwa na mafundi. Yako imepandwa na gauni."

Hakucheka. "Nani amepanda?"

"Si yule dada, binti ya yule fundi paa wa hapa Muyinga. Siku mbili anatembea huko juu kama paka wa jirani."

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema neno moja: "Kirazira."

Kwa asiyejua Kirundi, kirazira ni jambo ambalo halifanywi. Huulizi kwa nini. Bibi yangu alikuwa nayo mengi, na hili lilikuwemo: mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, wengine wanasema mume anakufa mapema, wengine wanasema ugomvi hautatoka humo ndani, watu wa kila mlima wana maelezo yao. Ila wote wanakubaliana kwamba hapandi. Mi nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Nilijua pia mpango wa patroni. Nilisema hata hivyo, kwa sababu kichekesho kilikuwa kimeshafika mdomoni na mi kichekesho sijawahi kukimeza.

Dada aliporudi na misumari, mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi kama askari.

"Binti, we utabaki chini. Hii ni nyumba ya mtoto wangu, anaingiza mke humu. Ukiweka mguu hapa nampigia patroni wako. Wanaume ni wawili, wanatosha."

Aliposema wawili aliniangalia mimi.

Dada hakubishana na mzee. Aliniangalia na yeye. "Ni we ulimwambia."

"Ilikuwa utani, dada."

"Kwako utani. Kwangu kazi." Akaniwekea misumari mkononi. "Unajua kupanda?"

Hapo ndipo nilipewa nafasi ya kusema ukweli, na ilikuwa nafasi nzuri, pana, na hakuna mtu alikuwa ananisukuma. Nikasema, "Mi? Mi nilizaliwa juu."

Yule wa Itaba akaniangalia kwa muda mrefu. Naye alikulia kambini. Anajua tulizaliwa chini ya nini.

Mwanzo haukuwa mbaya. Mabati ya chini unapigilia ukiwa kwenye ngazi, na ngazi mi naijua, ngazi ina vijiti vya kushika. Dada alisimama chini anatuelekeza kama mwalimu: sogeza kushoto, pandisha bati juu ya bati mawimbi mawili, si moja, msumari kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde, bondeni maji yanapita. Alikuwa anaona kila kosa kutoka chini. Mikono yake ilikuwa inatembea yenyewe, kama mtu anayeangalia mwenzake akila. Mpaka mchana pande zote mbili zilikuwa zimefunikwa isipokuwa bati moja la juu kabisa, na kofia. Kofia ni lile bati lililokunjwa linalokaa kileleni, pale pande mbili zinapokutana. Bila kofia hujaezeka, umefungulia mvua mlango.

Na kofia haifungwi kutoka kwenye ngazi. Lazima ukae kileleni, mguu huku, mguu kule.

Nikapanda. Nilipanda nikiangalia vidole vyangu tu. Nikafika, nikakaa, nikafanya kosa la kuinua macho. Nikaona Muyinga yote. Niliona mpaka mahali ambapo sikuhitaji kuona. Na upepo ukaja, upepo wenye harufu ya mvua, na kwa upande wa mashariki mawingu yalikuwa meusi kama masizi ya chungu. Nyundo ikanitoka. Nikasikia inateremka kwenye bati, ta-ta-ta-ta, halafu kimya, halafu kuku akalalamika.

Nikalala kifudifudi nikakumbatia kilele cha kenchi.

Yule wa Itaba alikuwa upande wa pili, amelalia bati la mwisho ambalo juu halikuwa na msumari hata mmoja. Huo msumari nilitakiwa kuupiga mimi.

"Kaka," akasema kwa upole, "piga."

"Nakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Uko hapo hapo."

Chini dada akaita. "Achilia hiyo mbao, nitakurushia nyundo."

"Mbao haitaki niiachilie."

Majirani walikuwa wameanza kujaa uwanjani. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi aliweka beseni chini kabisa, akakaa, kama mtu aliyelipia kiti. Akauliza kwa sauti kama huyo ndiye aliyesema alizaliwa juu. Mi nikatafuta jibu la kuchekesha, nikatafuta kila mahali, sikulipata.

Dada akamwuliza yule wa Itaba, "Unaweza kumushusha?"

"Nikiachia hili bati linaruka. Litakata mtu huko chini."

Upepo ukainua ukingo wa bati kidogo, likapiga chini kwa kishindo. Dada akaangalia mawingu, akaangalia ngazi, akamwangalia mzee aliyesimama mlangoni kwake. Kila mtu pale aliyejua maneno ya patroni, yaani mimi na yule wa Itaba, alijua anachopima. Mwaka mzima wa jasho lake ulikuwa kwenye simu ya yule mzee.

Akavua kandambili.

"Mzee, ninapanda."

Hakusema naomba. Alisema ninapanda.

"Nitapiga simu," mzee akasema.

"Piga. Leo rezo ya simu iko muzuri."

Akapanda. Sikumwona, nilisikia tu ngazi inalia, halafu bati, halafu pumzi yake karibu na sikio langu. Mi nilitegemea maneno matamu, kwamba usiogope kaka, nipo. Hakusema hivyo. Alinizungushia kamba kiunoni, akaifunga kwenye kenchi, akaanza kunifungua vidole kimoja kimoja kama mtu anayemenya mbaazi.

"Mguu ya kuume, shusha. Si hiyo, hiyo ni ya kushoto. Shuleni walikufundisha nini?"

"Kusoma."

"Basi soma hiyo mguu."

Akanisogeza hivyo mpaka kwenye ngazi, akanifungua kamba, akanigeuza, akaniachia. Nikashuka. Nilipogusa ardhi nikakaa palepale karibu na yule kuku. Watu walicheka. Walikuwa na haki, nilikuwa nimewachekesha siku mbili kwa mgongo wa mtu mwingine.

Lakini dada hakushuka. Alirudi kileleni, akakaa, mguu huku mguu kule, akapiga ule msumari ambao ulikuwa wangu. Mapigo matatu. Yule wa Itaba akavuta pumzi, akainua mkono kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mzee akatoka mpaka katikati ya uwanja, simu mkononi. "Umeshamtoa kijana. Shuka."

"Nikishuka mi, mzee, mvua ndiyo itapanda."

"Mwanamke hapandi nyumba. Unamletea mwanangu mikosi. We ni mtoto wa Muyinga, hukufundishwa?"

Hapo dada akasimamisha nyundo. Baadaye aliniambia kwamba baba yake alimwapisha asiseme kamwe, kwamba ni siri ya kazi, na alikuwa ameibeba tangu utoto. Siku ile aliitua.

"Mzee, hiyo nyumba yako unalala, nani alifunga kofia yake?"

"Baba yako. Kila mtu anajua."

"Baba mgongo ilikuwa inamuuma, hakuweza kukaa kileleni. Ni mi nilifunga. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Alinipandisha asubuhi mapema, watu bado hawajaamka, halafu akanishusha, yeye akakaa kwa ngazi na nyundo ili watu wamuone yeye. Huyu mutoto wako wa kuoa alikuwa bado kwa tumbo ya mama. Amezaliwa chini ya kofia yangu, amekua, leo anaoa. Hiyo mikosi iko wapi? Niambie, nishuke niitafute."

Mzee akageuka akaangalia paa la nyumba yake kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, akasema hapana, huo ni uongo wa mtu anayetafuta kazi.

Hapo mke wake, aliyekuwa mlangoni na mikono yake imekunjwa, akasema, "Mimi nilimwona."

Mzee akageuka polepole. "Ulimwona nani?"

"Huyu. Nilikuwa natoka kuteka maji, na tumbo langu hili. Nikaona katoto kako juu, kitambaa kichwani, kanapiga nyundo."

"Na hukuniambia? Miaka yote?"

"Paa lilikuwa linavuja," mama akasema. "Likaacha kuvuja. Ningekuambia nini?"

Yule mwenye ndizi akapiga makofi mara moja, akajizuia. Mzee alibaki katikati ya uwanja na simu yake, na tone la kwanza likamwangukia kwenye kipara, likasikika. Juu kule nyundo ilikuwa imeshaanza tena, haraka, mmoja anashika kofia, mwingine anapiga. Mi nilisimama, nikafunga bati la mwisho la kofia kwenye kamba. Hiyo ninaijua. Nikasema "Vuta," na sikuongeza neno.

Walishuka wamelowa kabisa. Mvua ilipiga kweli, mvua ya Muyinga isiyojua adabu, tukaingia wote ndani ya ile nyumba mpya isiyo na mlango. Mzee akatembea humo ndani kiganja kikiwa wazi, chini ya kilele, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, anatafuta tone. Akarudi. Akatembea tena. Dada alikuwa anakamua gauni lake kwenye kona, hamwangalii. Najua alikuwa anahesabu hatua zake.

Kiganja cha mzee kilikuwa kikavu. Akakipangusa kwenye koti hata hivyo, akatoa simu, akapiga.

"Patroni, hapa ni Muyinga. Nina malalamiko."

Dada akaacha kukamua.

"Umeniletea kijana mmoja, mdomo mrefu, hajui kupanda. Amenikawizia kazi nusu siku na amenipigia kuku na nyundo. Usiniletee tena mtu kama huyo." Akasikiliza. "Nani? Huyo mwanamke? Huyo sina neno naye."

"Mwambie halivuji," mke wake akasema.

Mzee akafumba macho. "Halivuji," akaiambia simu, kama mtu anayetolewa jino.

Alipokata akamgeukia dada, akamwambia ajue kwamba kirazira bado ni kirazira.

"Sawa, mzee," dada akasema. "Na paa bado ni paa."

Hawakupatana zaidi ya hapo. Mama akaleta wali na maharagwe, dada akala kwa nguvu, na alipomaliza akaomba tena.

Tuliporudi Gitega, patroni alijaribu kuteleza. Alitupokea uani akasema, eh, simu imepigwa, malalamiko yamekuja, na makubaliano ni makubaliano. Akaongeza kwamba, kwa kusema kweli, mafundi wa Magarama hawatapenda kuamrishwa na mwanamke, labda tungoje kidogo, mwaka ujao.

"Malalamiko juu ya nani?" dada akauliza.

"Malalamiko ni malalamiko."

Dada akatuangalia sisi wawili. Yule wa Itaba akatumia maneno yake yote sita ya siku hiyo: "Ulisema juu yake. Tulikuwepo. Sote tulisikia." Halafu wakaniangalia mimi wote. Najua walikuwa wanategemea nini. Patroni alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja nichekeshe, ili acheke, na jambo lipite kwenye kicheko kama yanavyopita yote. Nilikuwa na kichekesho, na kilikuwa kizuri. Mpaka leo nakikumbuka.

Nikakimeza. Kilikuwa cha kwanza kukimeza maishani, na kilishuka vibaya.

"Patroni, malalamiko ni juu yangu," nikasema. "Mi ndiye niliyemwambia mzee ili nimchekeshe. Mi ndiye niliyekwama. Naogopa juu tangu siku uliyoniajiri, miaka mitatu unalipa mtu wa kuchekesha. Paa la Muyinga amelifunga yeye. Mtu akirudi kwenye mchanga, ni mimi."

Patroni akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta ni mbwa. Akakuna shingo. Mwisho akaenda ndani, akarudi na ile mita ndefu ya shefu, akampa dada. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akaivuta kidogo, akaiachia irudi yenyewe, akaivaa kwenye mkanda.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Mafundi wawili wa Magarama waliacha kazi kwa sababu yake, wakasema hawapokei amri za gauni. Mmoja alirudi baada ya wiki tatu, dada akampa mchanga, akaubeba. Mwezi huu wanaezeka nyumba kubwa Musinzira, na pale juu kuna wasichana wawili anaowafundisha, mchana, jua linawaka, kila anayepita anawaona. Wapo wanaosimama barabarani kusema kirazira. Dada anawauliza kama nyumba zao zinavuja. Wengi wanaondoka. Wachache wanauliza bei.

Na mimi niko kwenye mchanga. Ila jioni, vijana wakikusanyika, bado nachekesha, na hiyo habari ya Muyinga ndiyo wanayoitaka. Nimeisimulia mara nyingi mpaka ilianza kunenepa. Juzi nilikuwa nimefika pale pazuri: mi niko kileleni, upepo unataka kunibeba mpaka Tanzania, shefu anaangalia chini, moyo unamuuma kwa ajili yangu, anasema liwalo na liwe, siwezi kumwacha kijana huyu afe, anapanda kuniokoa. Vijana wananisikiliza. Sikuona kwamba amesimama nyuma yangu na mita yake kiunoni.

"Usidanganye watu," akaniambia. "Mi sikupanda kukuokoa. Mi nilipanda kufunga kofia. We ulikuwa njiani."